Askari wa deraya wa jirani yangu hapigiki: naomba msaada wa sheria na mbinu za Frostgrave

Walukuba_Juu · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wakuu, salaam. Niko Jinja. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunacheza Frostgrave barazani kwa jirani yangu, ambaye kwangu ni kaka. Tunatumia toleo la pili, lile la 2020. Msomaji wa kitabu ni mimi: nasoma Kiingereza, nawaeleza wenzangu kwa Kiswahili, maana mezani kuna Msoga, Mjaluo, Mnubi na Mkongo, na Kiswahili ndicho kinachotukalisha pamoja. Kwa hiyo nikisoma vibaya, baraza zima linapotea.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mtu ana mchawi, mwanagenzi wake, na askari wasiozidi wanane. Mnaingia na vijisanamu vyenu kwenye magofu ya Felstad, mji uliofunikwa na barafu miaka elfu, mnagombea hazina tano zilizotawanywa mezani.

Nimeshindwa mara tano mfululizo na nimeanza kukosa usingizi. Maswali yangu ni matatu.

La kwanza. Mchawi anapoanza zamu yake, anaruhusiwa kuondoka na askari hadi watatu walio ndani ya inchi 3. Mimi humsogeza mchawi kwanza, nikishamfikisha kwa askari ndipo napima. Jirani anasema hapo naiba. Ni kweli?

La pili. Mtu wangu wa upinde wa mtambo akilenga adui aliyeshikana na askari wangu, nachagua mwenyewe nampiga yupi?

La tatu ndilo linaloniumiza. Jirani ana askari wa deraya: Kupigana +4, Deraya 13, Uhai 12. Mimi nina wahuni: Kupigana +2, Deraya 10, Uhai 10. Nimemtumia wahuni wanne, mmoja baada ya mwingine, wote wamelala. Anatembea mezani kama mwenye nyumba. Nifanyeje?

Dadu ya pande 20 hatuna. Tuna vikombe viwili, kila kimoja kina karatasi zenye namba 1 hadi 10. Unachukua moja huku, moja kule, unajumlisha, unazirudisha. Hilo halitusumbui.

BintiBusia · Jumatatu, saa 3:42 usiku

Ssebo, karibu. Nakujibu mawili ya mwanzo.

Jirani yako yuko sahihi. Inchi 3 zinapimwa mchawi anapoanza zamu, kabla hajainua mguu. Aliyekuwa mbali wakati huo anabaki kusubiri zamu ya askari. Kwa hiyo kundi la zamu ijayo unalipanga mwishoni mwa zamu hii. Na hilo kundi ni la thamani sana, usilichezee. Zamu zinakwenda hivi: wachawi wa pande zote mbili, kisha wanagenzi, kisha askari, mwisho viumbe wa porini. Askari watatu wanaotoka na mchawi wanatenda kabla askari hata mmoja wa mwenzako hajajongea, isipokuwa wale ambao na yeye amewatoa na mchawi wake. Ila wakishatoka na mchawi, kwenye zamu ya askari hawarudii.

Swali la pili: huchagui. Ukirusha kwenye mshikano, kura ndiyo inayosema mshale umemwelekea nani. Wakiwa mmoja kwa mmoja ni nusu kwa nusu. Ukiwa na watu wako wawili pale na adui mmoja, mara mbili katika tatu mshale unamwendea mtu wako. Mimi nilimwangusha askari wangu wa aina ya mwizi hivyohivyo akiwa na hazina mkononi, hatua chache kutoka ukingo wa meza. Tangu siku hiyo silengi kwenye mshikano.

Bombo_Kwetu · Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Nacheza na wanangu wawili tangu mwaka juzi na hilo la askari wa deraya tumelipitia. Kosa lako liko kwenye neno "mmoja baada ya mwingine". Ukisoma sehemu ya mapigano utakuta kila mwenzako anayemgusa adui yuleyule anakuongezea +2 kwenye Kupigana, mradi huyo mwenzako hajashikwa na adui mwingine. Wahuni watatu wakimzunguka, kila mmoja kwa zamu yake anapigana kwa +6, si +2.

Na kumbuka madhara yanavyohesabiwa. Jumla ya mshindi, yaani dadu na Kupigana na nyongeza zote, inatolewa Deraya ya aliyeshindwa. Muhuni wako peke yake akipata 12, jumla ni 14. Akishinda, 14 toa 13 ni jeraha 1. Muhuni huyohuyo akiwa na wenzake wawili, ile 12 inakuwa 18 na jeraha linakuwa 5. Wale wenzake hawajagusa karatasi bado.

Lakini mdogo wangu, nakuuliza kwa nia njema: kwa nini unapigana naye? Mwendo wake ni 5. Tendo la pili la kutembea ni nusu, kwa hiyo zamu nzima akikimbia tu anamaliza inchi saba na nusu. Mwizi ana Mwendo 7, mbwa wa vita ana 8. Hazina ndizo zinazohesabiwa mwisho wa mchezo. Mimi nimewahi kumaliza mchezo bila kuua mtu hata mmoja, nikaondoka na hazina tatu.

FundiKatwe · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Meza yenu ina kuta ngapi? Nauliza kwa sababu wengi wanaanza na meza tupu yenye maboksi matatu, halafu wanalalamikia askari. Kupanda ukuta kila inchi inahesabiwa mbili. Ukuta wa inchi 3 unakula mwendo wa 6, na huyo bwana ana 5. Jaza meza magofu na atapungua mwenyewe. Kujificha nako kuna faida: kizuizi chepesi kinampa anayelengwa +2, kizito +4.

Mimi nakata makasha ya televisheni yale meupe ya povu, nayachoma kwa waya wa moto yapate nyufa za mawe, nayapaka rangi ya kijivu. Usipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, povu linayeyuka. Anza na rangi ya maji. Theluji ni chenga za povu lilelile na gundi ya ubao. Barafu ya kweli wengi wetu tumeiona kwenye picha za Rwenzori tu, lakini ukimaliza meza yako utahisi baridi.

Mwalimu_Mbale · Jumanne, saa 11:30 jioni

Mmeruka jambo moja. Walukuba_Juu ameandika kwamba vikombe viwili havimsumbui. Vinamsumbua. Nafundisha hesabu, na nimekaa na kalamu mchana huu.

Dadu ya pande 20 inatoa kila namba kwa nafasi sawa, 5 katika 100. Karatasi mbili za 1 hadi 10 zikijumlishwa hazifanyi hivyo. Kwanza namba 1 haipatikani kabisa. Pili, kuna njia kumi za kupata 11 lakini njia moja tu ya kupata 20, yaani karatasi zote mbili ziwe 10. Kwa hiyo 20 inatoka mara 1 katika 100 badala ya mara 5. Namba zinajazana katikati.

Sasa tazameni inavyogusa mchezo. Talasimu, yaani uchawi anaoutupa mchawi, inayohitaji 12 au zaidi: kwa dadu ni 45 katika 100, kwa vikombe ni 45 vilevile. Ndiyo maana hamkushtuka. Lakini inayohitaji 8: kwa dadu ni 65, kwa vikombe ni 79. Inayohitaji 16: kwa dadu 25, kwa vikombe 15. Rahisi inazidi kuwa rahisi, ngumu inazidi kuwa ngumu. Mwenye kuchukua talasimu nyepesi za tawi lake la uchawi anapata zawadi ambayo mtunzi wa mchezo, Joseph McCullough, hakuiweka.

Kwenye mapigano ni hivyohivyo. Mwenye +2 zaidi ya mwenzake, kwa dadu anashinda mara 57 katika 100, kwa vikombe karibu 60. Mwenye +4 zaidi: kwa dadu 66, kwa vikombe 72. Frostgrave imejengwa juu ya dadu yenye fujo, ambayo mnyonge anaweza kumwangusha mwenye nguvu. Vikombe vyenu vimeiondoa hiyo fujo, na anayefaidika ni mwenye namba kubwa, yaani askari wa deraya.

Dawa ni rahisi. Ama kikombe kimoja chenye karatasi 20, unachukua moja na kuirudisha. Ama kikombe kimoja cha 1 hadi 10 na sarafu ya shilingi 200: upande wa samaki ongeza 10, upande wa nembo acha ilivyo. Hapo kila namba kutoka 1 hadi 20 ina nafasi sawa kabisa na dadu.

Kuhusu mbinu ya Bombo_Kwetu, nimeipigia hesabu kwa dadu halali. Muhuni peke yake akimshambulia askari wa deraya, anamjeruhi mara 29 katika 100, na yeye anajeruhiwa mara 50. Sare sijaziingiza, maana kwenye sare wote wawili hupigana madhara. Akiwa na wenzake wawili wanaomsaidia, anamjeruhi mara 48. Na hao ni watatu, kila mmoja na shambulio lake.

Walukuba_Juu · Jumanne, saa 2:50 usiku

Mwalimu, nimesoma mara mbili, nikamwita mke wangu nikamsomea. Miezi minne tumecheza na vikombe vile. Asante sana. Asanteni wote.

Bombo_Kwetu, nakuelewa kuhusu kukimbia, lakini kila mbeba hazina wangu anafikiwa. Akibeba, mwendo unakatwa nusu na Kupigana kunashuka 1. Mwizi wa 7 anabaki 3 na nusu. Askari wa deraya na saba na nusu zake anamkuta.

Bombo_Kwetu · Jumanne, saa 3:30 usiku

Ndiyo, mbeba hazina hakimbii peke yake. Mtu mwingine anaziba njia. Kuna sheria ya kushika: adui akisogea akaingia ndani ya inchi 1 ya askari wako ambaye hajashikana na mtu, askari wako anaweza kumrukia wagusane, na mwendo wa adui unaishia hapo. Weka mbwa kwenye mlango wa gofu. Mbwa atapigwa, pengine atakufa, lakini zamu nzima imepita na mwizi wako yuko mbali.

Na mbeba hazina mwenyewe akishikwa, asikate tamaa. Atumie tendo la kwanza kupigana. Akishinda, ana haki ya kumsukuma adui nyuma inchi 1, kisha tendo la pili anatembea. Sukuma ile ina thamani kuliko jeraha. Wengi wanasahau kusukuma, wanabaki wameshikana kwa hamu ya kuua.

BintiBusia · Jumanne, saa 3:48 usiku

Hapo kwenye kusukuma tusimpe mtu matumaini ya bure. Umemsukuma inchi 1, bado yuko inchi 1. Ukianza kutembea, si atakushika tena kwa sheria ileile uliyoitaja?

Bombo_Kwetu · Jumanne, saa 4:02 usiku

Sheria inamkamata anayeingia ndani ya inchi 1. Anayeondoka hajaingia.

BintiBusia · Jumanne, saa 4:10 usiku

Na akiondoka kwa kuzunguka ubavuni? Mwanzo wa hatua anaweza kumkaribia kabla ya kumwacha. Kwetu Busia tuligombana saa nzima juu ya hili, mpaka chai ikapoa.

Bombo_Kwetu · Jumatano, saa 12:15 asubuhi

Nimelala nalo. Hoja yako ina uzito. Mezani kwetu kuanzia leo itakuwa hivi: anayerudi nyuma moja kwa moja, akitanua umbali tangu hatua ya kwanza, hashikwi. Anayepita ubavuni akapunguza umbali hata kidogo, anashikwa. Muhimu mkubaliane kabla ya mchezo, sio wakati hazina iko mgongoni mwa mtu.

BintiBusia · Jumatano, saa 1:00 asubuhi

Hiyo naikubali. Nitaipeleka kwetu.

MchezajiOmweso · Jumatano, saa 7:40 mchana

Mimi ni mgeni wa vijisanamu, nimevutwa na kichwa cha uzi. Nimekulia kwenye omweso: mashimo 32, mbegu 64, hakuna dadu wala kikombe. Kitu alichosema BintiBusia cha kupanga kundi mwishoni mwa zamu nimekielewa mara moja. Babu yangu alikuwa haangalii shimo analochota, anaangalia mbegu ya mwisho itadondoka wapi. Na alipenda kuacha shimo moja tupu mbele au nyuma ya lile analolilinda, kwa sababu adui hali mpaka mashimo yote mawili yanayomkabili yawe na mbegu. Huyo mbwa mlangoni nimemwona kama shimo tupu. Je, mtu anaweza kuanza mchezo huu bila kununua sanamu?

FundiKatwe · Jumatano, saa 8:15 mchana

Anaweza. Sheria za Frostgrave hazikulazimishi sanamu za kampuni yoyote. Mimi nilianza na askari wa plastiki wa watoto kutoka soko la Owino, Kampala, nikawavalisha majoho ya karatasi na gundi. Mchawi wangu wa kwanza alikuwa wa udongo wa kichuguu, mwanangu ndiye aliyemfinyanga. Bado namtumia.

Walukuba_Juu · Jumapili, saa 2:20 usiku

Wakuu, narudi na habari za leo.

Tumeanza na kikombe kimoja na sarafu ya samaki. Jirani hakubisha hata kidogo, nilimwonyesha hesabu za Mwalimu akazisoma hadi mwisho. Meza tumeongeza kuta sita za povu.

Zamu ya pili mbwa wangu alikuwa kwenye mlango wa mnara. Askari wa deraya akaja kupita, akaingia ndani ya inchi 1, mbwa akamrukia. Akapigana na mbwa: yeye 9 na 4 ni 13, mbwa 5 na 1 ni 6. Jeraha 3. Mbwa ana Uhai 8, akabaki na 5, amesimama. Mimi nilikuwa nimemaliza zamu yangu na wahuni wawili ndani ya inchi 3 za mchawi. Nilipima kwa rula ya shule, sentimita 7 na nusu, kila mtu anaona.

Zamu ya tatu kura ya kuanza ikawa yangu. Mchawi akatoka na wahuni wote wawili, wakamfikia. Wa kwanza alikuwa na msaada wa mwenzake na wa mbwa: karatasi ikatoka 7, sarafu samaki, ni 17. Ongeza 6 ni 23. Yeye 15. Toa Deraya 13, jeraha 10! Akabaki na Uhai 2. Wa pili akapata 9, ni 15, na yeye 7. Jeraha 2. Askari wa deraya chini. Baraza lote lilipiga kelele mpaka watoto wa nyumba ya tatu wakaja kuangalia.

Halafu ile hazina ya katikati. Mchawi wangu ni wa tawi la kuroga vifaa, ana telekinesi, inayoivuta hazina isiyobebwa na mtu hadi inchi 6. Alihitaji 10, akapata 8. Nikatoa Uhai wake 2 kununua zile mbili zilizopungua. Hazina ikaja miguuni kwa mwanagenzi. Mwisho wa mchezo mimi tatu, jirani mbili.

Baada ya mchezo akamchukulia karatasi askari wake kuona kama atapona: 6. Hajafa, ila mchezo ujao amelala kitandani. Jirani yumo humu, amejiunga leo.

Baraza_la_Jirani · Jumapili, saa 3:05 usiku

Hamjambo. Ni mimi mwenye askari wa deraya. Vikombe viwili nilivileta mimi mwanzoni, nikiamini ni sawa na dadu. Mdogo wangu ameshindwa michezo mitano kwa hesabu yangu na hakuwahi kuinua sauti. Nimemwambia leo barazani, nasema na hapa: ile mitano tumeifuta kwenye daftari, tumeanza upya.

Sasa na mimi nina swali. Yule mbwa mlangoni nitamshindaje? Askari wangu akipona sitaki ashikwe tena namna ile.

BintiBusia · Jumapili, saa 3:25 usiku

Karibu kaka. Mbwa anayeshika lazima awe huru. Aliyeshikana tayari na mtu hawezi kumrukia mwingine. Kwa hiyo askari wa deraya asitangulie. Tanguliza mbwa wako au muhuni, amguse yule mbwa wa mlangoni. Wakishashikana, askari wako anapita kando yao bila kuguswa, kama mlango una nafasi. Wote wawili watoke kwenye zamu moja, na mbwa atoke kwanza.

Walukuba_Juu · Jumapili, saa 3:27 usiku

BintiBusia, jamani!

Baraza_la_Jirani · Jumapili, saa 3:31 usiku

Asante, dada. Mlango wetu una upana wa inchi 2. Kesho namwomba fundi aupanue.